Muhuri upi kwa kadi za mkono: wa fundi, wa mbao, wa plastiki au wa kujichongea?

Msimu wa maharusi na sikukuu ukikaribia tu watu wanaanza kuuliza, jamani nataka kutengeneza kadi zangu mwenyewe kwa mihuri, ninunue ipi? Wengi wanakuwa wameshaangalia zile video za akina mama wa Marekani na Uingereza wenye makabati ya mihuri ukuta mzima, kwa hiyo mtu ama anakata tamaa akiona hii ni starehe ya wenye hela, ama anaagiza seti kubwa mtandaoni ambayo nusu yake hataigusa. Zipo njia nne ambazo mtu wa Dar, Mwanza, Mombasa au Nairobi anaweza kuzipata bila kuhangaika sana: muhuri wa kuchongesha kwa fundi, muhuri wa mpira uliogundishwa kwenye mbao, ile mihuri laini ya plastiki inayoonyesha upande wa pili, na wa kujichongea mwenyewe. Msimamo wangu nausema mapema ili usipoteze muda: maneno mpe fundi, picha chonga mwenyewe, seti za kuagiza ziwe za mwisho kabisa. Sababu ndo hizi.

Fundi ninayemsema ni yule yule anayetengeneza mihuri ya maofisini na ya madaktari na ya serikali za mitaa. Kila mji wanao, mara nyingi kwenye mitaa ya steshenari, utakuta kompyuta moja, printa na kimashine cha mwanga basi. Anavyofanya, anapanga maandishi kwenye kompyuta, anaprinti kwenye karatasi ya plastiki, herufi zinabaki wazi na pembeni kote kunakuwa kweusi, halafu anaweka polima ya majimaji, aina ya plastiki ambayo haijaganda, katikati ya vioo viwili anaipiga mwanga wa UV kupitia ile karatasi. Palipopata mwanga panakuwa pagumu, palipofichwa panabaki ute ambao anausugua kwa brashi na maji ya sabuni, ukioshwa na kupigwa mwanga tena huo ndo muhuri wako. Wengine sa hivi wana mashine ya leza inayochoma mpira wenyewe, hiyo utaijua kwa harufu hata kabla hujaingia dukani. Kwa herufi, njia zote mbili zinatoa kitu safi.

Faida yake kubwa kuliko zote ni lugha. Seti za kuagiza zimejaa Happy Birthday na Merry Christmas na With Sympathy, sasa wewe unampelekea bibi yako Tanga kadi ya With Sympathy? Kwa fundi unapata Hongera, Asante, Heri, Idd Mubarak, Pole na msiba, chochote unachotaka na kwa mwandiko unaoutaka. Na ukinisikiliza, neno la kwanza kuchongesha ni Hongera. Linaingia kwenye harusi, mahafali, kipaimara, mtoto mchanga, kupandishwa cheo, nyumba mpya, yaani muhuri mmoja unakula mwaka mzima. La pili Asante. "Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya" usiiweke kwenye muhuri mmoja mrefu, igawe, Heri peke yake, ya Krismasi peke yake, ya Mwaka Mpya peke yake, hapo Heri inafanya kazi hata kwenye siku ya kuzaliwa. Mwaka usiuweke kabisa maana Januari utakuwa umebaki na kipande cha mpira kisicho na kazi.

Ila fundi ukimwachia mwenyewe atakutengenezea muhuri wa ofisi, ndo kazi yake ya kila siku. Ataweka fremu, herufi kubwa nene tupu, na kama hujasema atakuachia nafasi ya tarehe katikati. Kwa hiyo mtumie mchoro wako kwa WhatsApp umeshaupanga mwenyewe, mwambie bila fremu, mistari isipungue nusu milimita kwa sababu iliyo myembamba kuliko hapo inakatika wakati wa kusugua au inalala ukiikandamiza, na herufi ndogo zisishuke chini ya milimita 3. Halafu atakuuliza, unataka wa otomatiki? Wengi wanasema ndiyo kwa sababu unaonekana wa kisasa. Kwa kadi usichukue. Ile ya otomatiki, za Trodat na Colop ambazo zote ni kampuni za Austria, ina padi ya wino humo humo ndani, rangi ni moja, na sehemu kubwa ya hela unalipia kile kimashine. Wewe omba wa mpini wa mbao wa kawaida, leo unaupiga dhahabu, kesho kijani, keshokutwa unaupaka rangi tatu kwa mpigo. Ukiupata tu, chukua kalamu andika JUU upande wa juu wa mpini, utanishukuru.

Muhuri wa mpira kwenye mbao, ule mwekundu wa kizamani wenye picha za maua na malaika, huo ndo mkongwe wao. Charles Goodyear aligundua namna ya kuupika mpira na salfa mwaka 1839, hataza ya Marekani akaipata 1844, na mihuri ya mpira ikaja miaka kama ishirini baada ya hapo, na mpira wake hadi leo bado unapikwa kwa joto na mgandamizo kwenye ukungu. Uzuri wake ni kwamba unadumu. Ukitunzwa mbali na jua unafika miaka mingi sana, unapokea wino wa aina yoyote hata ule mkali wenye viyeyushi wa kupiga kwenye plastiki na kioo, na una kisponji chembamba kati ya mpira na mbao kwa hiyo hata meza ikiwa na mabonde kidogo picha inatoka sawa. Ubaya, ni ghali, ni mzito kusafirisha, unajaza kabati, na huoni unapiga wapi. Hapo kwenye kuona ndo watu wengi wanaharibu kadi, muhuri unakaa upande na huna cha kufanya, wino ukishagusa karatasi umegusa. Dawa yake ni karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, piga picha kwenye hiyo karatasi kwanza huku kona ya mbao imebanwa kwenye rula mbili zilizogundishwa kwa umbo la L, kisha weka ile karatasi juu ya kadi, ukipaona panapokaa vizuri sogeza L yako iguse kona, toa karatasi, piga. Inachukua muda ndiyo, lakini kwa kadi mbili tatu za maana inafaa.

Binafsi mihuri ya mbao nisingeinunua mipya. Ukiikuta mitumba, au mtu anahama anagawa vitu vyake, beba bila kuuliza mara mbili.

Mihuri ya plastiki sasa. Hii ndo watu wanaipenda mtandaoni na siwashangai, unaibandika kwenye kipande cha akriliki ambacho ni wazi kama dirisha, unaona kabisa herufi inatua wapi, unapiga, unaibandua, unaweka nyingine. Seti nzima inakaa kwenye bahasha. Kile kipande cha akriliki usikiagize, nenda kwa fundi wa mabango muombe mabaki ya perspeksi nene, ndo akriliki hiyo hiyo, ya milimita 8 au 10, akusawazishie kingo tu. Ila ujue plastiki zenyewe haziko sawa. Ile nzuri ni fotopolima, yaani polima iliyogandishwa kwa mwanga kama ya fundi, ukiipinda inarudi, inanata vizuri kwenye akriliki na inapokea wino. Zile za bei ya kutupwa nyingine ni silikoni, na silikoni haipendi wino, unaupaka unajikusanya vitone vitone, picha inatoka na madoa. Hata fotopolima mpya inaweza kuukataa wino siku ya kwanza kwa sababu ya utando uliobaki kiwandani, usiitupe, pitisha raba ya kufutia taratibu juu yake ikwaruzike kidogo, jaribu tena.

Kwa hali yetu ya hewa plastiki ina adui mmoja mkubwa, jua. Ukiiacha dirishani inageuka njano, inakuwa na ulenda, mwisho inapasuka. Iweke kwenye karatasi yake ya plastiki iliyokuja nayo, ndani ya droo, na isafishe kwa maji na sabuni kidogo au vitambaa vya kufutia watoto, sio tina wala spiriti kali. Kingine, zile seti za alfabeti ambazo unadhani zitakuokoa kwenye suala la lugha, jamani zimepangwa kwa ajili ya Kiingereza. Wanakupa E nyingi, A mbili au tatu. Jaribu kuandika BABA NA MAMA uone, zinatakiwa A tano! Utaishia kupiga neno moja, kubandua, kupiga jingine, na mstari hautanyooka. Ukitaka seti ya alfabeti nunua mbili au baki na fundi.

Ya kujichongea ndo ninayoipenda kuliko zote kwa upande wa picha na ndo ya bei rahisi kuliko zote. Unahitaji raba nyeupe ya kufutia, ile laini ya vinili, sio ile ya waridi inayomomonyoka vumbi, na kisu kidogo cha kukatia karatasi chenye ncha mpya. Chora picha yako kwa penseli laini, 2B au 4B, kwenye karatasi nyepesi, igeuze kifudifudi juu ya raba, sugua nyuma kwa kucha, picha inahamia. Na hapo imeshageuka yenyewe kama kwenye kioo cha kujitazamia kwa hiyo ukiipiga kwenye kadi inarudi ilivyokuwa, hata kama ni herufi za Kiarabu za Idd Mubarak huna haja ya kuumiza kichwa. Ukikata, kisu kilale kuelekea nje ya mstari ili mstari uwe na miguu mipana chini, ukikata kwa kuingia ndani mstari unabaki umesimama kwenye ukingo mwembamba na ukiukandamiza mara kumi unakatika. Kwenye mviringo usizungushe kisu, shika kisu pale pale zungusha raba. Anza na kutoa sehemu ndogo za ndani, nje mwisho, na kila baada ya muda piga kwenye karatasi chakavu uone imebaki nini.

Kuna jambo moja la raba za vinili watu hawaambiwi. Ina mafuta ya kulainisha plastiki ndani yake, ukiiacha imegusana na rula ya plastiki au boksi la plastiki kwa wiki kadhaa inagandana nalo, inayeyusha, ukija kuitoa mchongo wako umebaki ukutani mwa boksi. Ifunge kwenye karatasi ya kawaida, boksi la kiberiti linafaa sana.

Sasa picha gani uchonge, hapa ndo raha yenyewe. Angalia kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na kadi ya A6 inaweza kupangwa hivyo hivyo: unachonga korosho moja ndogo kwenye raba, unaipiga kuzunguka kadi nzima, hilo ndo pindo, katikati unaweka picha moja kubwa, ua au samaki au birika, na chini pale pa jina unapiga maneno ya fundi. Muhuri mdogo mmoja umerudiwa mara thelathini na mtu anaona ni kazi ya mashine. Ukipishanisha rangi mbili, moja nyekundu moja nyeusi, inakuwa kisutu kabisa, na kwa kadi ya harusi mtu wa pwani huna haja ya kumweleza kitu.

Picha kubwa usizitafutie raba, kata soli ya ndala iliyochakaa. Ile povu inakatika kwa mkasi, ibandike kwenye kipande cha mbao au mfuniko wa chupa ya maji kwa gundi, inapiga majani makubwa, mitumbwi, migomba. Haitoi mistari myembamba na ina vitundu vidogo vinavyoonekana kwenye rangi, mimi naona ndo vinaipa sura. Na kama una watoto ndani, bamia. Kata bamia katikati kwa upana, sio kwa urefu, likaushe kwenye tishu kwanza maana ule utelezi utaharibu, chovya kwenye rangi ya maji nzito, inatoka nyota ya pembe tano au zaidi yenye vidoti vya mbegu ndani. Kiazi pia kipo lakini kesho yake kimesinyaa.

Kuna watu watanunua muhuri mzuri kabisa halafu kadi itoke mbaya na lawama zote ziende kwa muhuri. Mara nyingi ni wino na karatasi. Ile padi ya wino ya ofisini, ya zambarau au bluu, inafaa kwa maneno kwenye karatasi isiyong'aa, manila kwa mfano, inanyonya wino vizuri ingawa unatambaa kidogo pembeni. Kwenye karatasi inayong'aa utasubiri mpaka uchoke na bado bahasha itaupaka. Wino wa kadi unagawanyika makundi mawili ya kukumbuka. Kuna wa rangi iliyoyeyuka, unazama ndani ya karatasi, unakauka fasta, lakini ukikaa juani unafifia. Na kuna wa pigmenti, chembe za rangi zinakaa juu ya karatasi, rangi inakolea zaidi na haififii haraka, ila unachelewa kukauka na kwa unyevu wa pwani masika unachelewa zaidi. Ukitaka kupaka rangi za maji juu ya picha hakikisha wino wa mistari hauyeyuki kwa maji, VersaFine ni mmoja ambao ukishakauka hauondoki na unashika mistari midogo vizuri. Zile wino za Distress za kampuni ya Ranger zimetengenezwa zichanganyike na maji makusudi, ni nzuri kwa mandhari ya nyuma ya kadi, kwa maneno hapana.

Ule uvivu wa pigmenti kukauka una faida yake, unamwagia poda ya kuyeyuka, ile ya plastiki inayoyeyuka kwa joto (embossing powder), wakati wino bado mbichi, unakung'uta, unapasha moto, maneno yanainuka yanang'aa dhahabu. Draya ya nywele haiwezi, inapeperusha poda kabla haijayeyuka na joto lenyewe halitoshi. Kinachotakiwa ni hewa ya moto sana isiyovuma kwa nguvu, blowa ya fundi simu ikipunguzwa upepo inafanya, au shika kadi juu ya pasi iliyogeuzwa, upande usio na poda ndo uelekee chini na usiguse.

Huna padi za rangi? Kalamu za felti za watoto, zile za wino wa maji, paka moja kwa moja juu ya mpira, majani kijani, ua jekundu, halafu upumulie kwa mdomo haa kama unasafisha miwani, unyevu unauamsha wino, piga. Kwenye mpira na raba inakubali sana, kwenye plastiki inakubali kiasi.

Karatasi usiende chini ya gramu 200 kwa mita ya mraba, na 300 ndo inasimama mezani bila kuinama. A4 moja ikatwe katikati unapata A5 mbili, kila moja ikunje ni A6, milimita 105 kwa 148, inaingia kwenye bahasha ya C6 bila kubana. Kabla ya kukunja pitisha kalamu ya wino iliyokwisha kwenye mstari wa kukunjia kwa rula. Na chini ya kadi weka magazeti mawili matatu ukitumia plastiki au raba ya kuchonga, hazina kisponji chake.

Basi uamuzi unategemea unatengeneza ngapi na za nani. Kadi tano sita za Idd za ndugu wa karibu, raba na wembe mpya vinatosha na maneno andika kwa mkono. Ishirini mpaka hamsini, hapo ndo muhuri wa fundi pamoja na pindo lako la raba vinakaa penyewe, jioni moja umemaliza. Unataka kuuza, kila wiki oda tofauti, hapo ndo plastiki inaanza kulipa kwa sababu unahitaji kuona unapiga wapi na kubadilisha haraka, na wakati huo utakuwa unajua wateja wanapenda nini, hununui seti kwa kubahatisha. Kuna kifaa kinaitwa MISTI chenye mlango unaofunguka na kufunga, muhuri unarudi pale pale hata mara tatu kama wino umekosa sehemu, hicho ni cha watu wa oda, sio cha kuanzia.

Kadi za mchango wa harusi ni habari nyingine. Kamati inataka mia mbili, zina ahadi, namba za simu, mwisho wa kupokea, jina la mweka hazina, na wengi sa hivi wanarusha tu kwenye WhatsApp. Usijaribu kuzipiga muhuri zote kwa mkono, kabidhi duka la kuchapisha, ni nafuu na mkono wako utabaki mzima. Wewe omba zichapwe bila pambo kwenye kona moja, halafu zile za wazee na wajomba, thelathini hivi, ndo uzipige pindo lako, na muhuri mmoja mdogo nyuma ya bahasha pale kwenye ulimi. Upige bahasha ikiwa wazi na tupu, wino ukauke kwanza, ndo uandike Mzee Fulani na familia.